Baiskeli mpya ya gia, breki zishalegea na cheni inaruka: usinunue kitu, anza na waya

Dada mmoja wa Makorora, hapa hapa Tanga, kaniandikia hivi kwa kifupi: "Shikamoo fundi. Nimenunua baiskeli mpya ya gia 21, naitumia kwenda kazini Chumbageni na kurudi. Wiki mbili za mwanzo ilikuwa raha tupu, sasa hivi ni wiki ya nne, breki ya nyuma mpaka nibane mkono uguse usukani ndo inashika, ya mbele inasugua upande mmoja muda wote, na gia nikipandisha cheni inagoma inalialia alafu inaruka yenyewe hata sijagusa kitu. Fundi wa mtaani kaniambia gia zote ni feki nibadilishe seti nzima. Ni kweli? Na je naweza kurekebisha mwenyewe nyumbani?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na la fundi maana naona limekutia hofu: hapana, usibadilishe seti, na hela yako kaa nayo. Ulivyoeleza ndo baiskeli mpya karibu zote zinavyofanya, iwe ya bei rahisi iwe ya bei mbaya. Waya wa breki na wa gia unapita ndani ya kava, na lile kava likiwa jipya ncha zake hazijakaa sawasawa kwenye vishimo vyake, ukibana breki mara mia mbili tatu zinajikandamiza na kujipanga, waya nao unajikaza pale ulipofungwa, mwisho wa siku unajikuta waya umekuwa mrefu kuliko kava kwa milimita mbili tatu. Watu wanasema waya umevutika, sawa tuite hivo, lakini hakuna kilichoharibika. Ni jambo la kukaza tu, na ndo maana wenzetu wenye maduka makubwa ya baiskeli humwambia mteja arudi baada ya wiki kadhaa aangaliwe upya. Huku kwetu unauziwa, unapewa risiti, kwaheri.

Na ndio unaweza kufanya mwenyewe nyumbani. Unahitaji bisibisi ya nyota, spana za pembe sita zile zilizopinda kama herufi L (namba 5 ndo utaitumia zaidi), plaizi, kitambaa, na kichupa cha oili ya cherehani. Basi.

Kabla ya kugusa chochote, itundike. Wengi wanaigeuza baiskeli miguu juu kichwa chini uani na mimi sikatazi kwa kuziba pancha, ila kwa kazi ya gia inakuchanganya, kushoto inakuwa kulia na maelezo ya skrubu yote yanageuka. Chukua kamba, pitisha kwenye boriti au tawi la mwembe, funga chini ya siti, gurudumu la nyuma liwe hewani. Na kama kuna mtu anasoma hapa ana breki za diski zinazotumia mafuta badala ya waya, we usiigeuze kabisa, hewa inaweza kuingia njia ya mafuta breki ikawa laini kama sponji.

Haya, breki kwanza. Gia ikikataa utachelewa kazini, breki ikikataa ni kitu kingine, na ile barabara unayopita asubuhi bodaboda na daladala hawakusubiri.

Hiyo ya mbele inayosugua upande mmoja, usikimbilie breki, angalia gurudumu. Legeza nati za ekseli (au ile mkono ya kukunja kama yako ni ya hivo), simamisha baiskeli chini kwa uzito wake, sukuma usukani kidogo ili ekseli iingie mpaka mwisho kwenye mapengo ya uma, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, kaza tena pande zote. Nimeona mara nyingi sana mtu anahangaika na breki saa nzima kumbe gurudumu limekaa upande. Hapo hapo angalia na uma wenyewe, maana baiskeli nyingi zinafika kwenye boksi na kufungwa haraka haraka dukani, wengine wanaufunga uma umetazama nyuma: breki zinazobana ringi zinatakiwa ziwe upande wa mbele wa uma, na ncha za uma zikiwa na mkunjo basi mkunjo uelekee mbele. Kama wako umegeuka, ulegeze uugeuze kabla ya yote, ile baiskeli haitakaa iende sawa.

Gurudumu likishakaa, lizungushe taratibu ukitazama nafasi kati ya raba za breki na ringi. Kama ringi inakuja inaondoka, inakuja inaondoka, yani inayumba, hilo ni la spoku, nitalisema mwisho. Kama nafasi haibadiliki ila raba ya upande mmoja ndo iko karibu, hapo ni spring. Kwa maelezo yako nadhani una zile breki za mikono miwili mirefu iliyosimama huku na huku ya gurudumu, zenye kibomba kilichopinda juu. Chini ya kila mkono kuna kiskrubu kidogo pembeni. Ukikikaza, spring ya mkono ule inapata nguvu na kuuvuta mbali na ringi. Kwahiyo raba inayosugua iko kulia, kaza kiskrubu cha kulia nusu mzunguko, bana breki mara tatu nne, tazama. Bado, nusu nyingine. Kikigoma kwenda, legeza cha kushoto badala yake. Ile kubana mara tatu nne usiiruke, spring haionyeshi ilipokaa mpaka uiamshe.

Raba zenyewe nazo zitazame. Ukibana, raba yote ilale kwenye ringi, isiguse tairi hata kidogo na isishuke chini ya ringi. Raba inayogusa tairi inalila taratibu ubavuni, na siku tairi linapasuka huwa ni siku umebana breki kwa nguvu, yani siku unayoihitaji. Zikipiga kelele kama mluzi, legeza nati ya raba, weka kipande cha kadi kati ya ncha ya nyuma ya raba na ringi ili ncha ya mbele itangulie kugusa kwa kama milimita 1, kaza, toa kadi. Kelele nyingi zinaishia hapo.

Sasa ile ya nyuma inayobanwa mpaka usukani. Pale waya unapoingia kwenye mkono wa breki kuna kinati cha mduara chenye mistari ya kushikia, waya unapita katikati yake, na nyuma yake kuna kiringi chembamba cha kukifunga. Legeza kiringi, zungusha kinati kinyume cha saa kiwe kinatoka nje, waya utakuwa unakazika. Unataka raba zikae milimita 1 hadi 2 kutoka kwenye ringi kila upande, na breki ishike mkono ukiwa umefika karibu nusu ya safari yake. Ukipata hapo rudisha kiringi kikibane kinati, la sivyo kitajilegeza chenyewe barabarani. Kama umezungusha mpaka nusu ya uzi wa kinati iko nje na bado breki haitoshi, usiendelee, uzi ukibaki kidogo unachomoka. Rudisha kinati ndani chote, kitoe mizunguko miwili tu, alafu nenda kwenye nati inayobana waya kule kwenye breki yenyewe, ilegeze kwa namba 5, mtu akubanie raba kwenye ringi kwa mkono, vuta waya kwa plaizi, achia kidogo, kaza kwelikweli. Kisha simama, bana mkono wa breki kwa nguvu zako zote mara kumi ukiwa umesimama hapo hapo uani. Kama waya utateleza, uteleze hapo sio kwenye mataa.

Kwa wenye diski za waya: kinati ni kile kile, ila kwa nyingi za bei ya kawaida raba ya nje tu ndo inayotembea, ya ndani imesimama na ina skrubu yake nyuma, upande wa spoku. Ukikaza waya tu miezi na miezi, raba ya nje inasafiri mbali na kuipinda diski ifike kwa ya ndani. Sogeza na ya ndani ikaribie diski bila kugusa. Na usipake wala kudondosha oili kwenye diski au kwenye ringi, hata tone, raba zikishakunywa mafuta hazirudi.

Kitu kingine kuhusu breki ambacho mafundi wetu wengi hawakijali na mimi kinaniuma sana. Kava la waya wa breki na kava la waya wa gia ni vitu viwili. La breki ndani lina chuma kilichosokotwa kama spring, linastahimili kubanwa. La gia kwa kawaida lina nyaya nyembamba zilizolala kwa urefu, halipendi kubanwa kwa nguvu, linaweza kupasuka. Fundi akiishiwa anakukatia kipande chochote kilichopo mezani na kwa macho vinafanana. Siku ukibadilisha kava la breki, tazama ile ncha iliyokatwa, ukiona nyaya zimejipanga kama majani ya ufagio, kataa.

Alafu hakikisha unajua mkono upi ni breki ya mbele, baiskeli zinazokuja hazifanani, nyingine kulia nyingine kushoto. Ya mbele ndo inayosimamisha zaidi kwa sababu ukibana uzito mwingi unakuja mbele, ila inabanwa kwa kuiongeza taratibu pamoja na ya nyuma, haikamatwi ghafla.

Gia sasa, hapa nikae kidogo maana ndo panapowaliza watu.

Zamani gia ilikuwa mkono wa kuvuta tu, unausogeza mpaka usikie cheni imekaa, masikio yako ndo yanarekebisha. Mwaka 1984 Shimano wakaleta mfumo wa kubofya, klik moja gia moja, na siku hizi karibu kila baiskeli ya gia inakwenda hivo. Raha yake unaijua, shida yake ni kwamba mkono wa gia unavuta waya kipimo kile kile kila klik, hautazami cheni iko wapi. Kwenye friwili, ule mkusanyiko wa maduara ya meno ya gurudumu la nyuma, yenye maduara 7 kama yako, kutoka duara moja la meno hadi jingine ni kama milimita 5. Na direla ya nyuma, ile mashine yenye vigurudumu viwili vinavyoshika cheni, kwa mifumo mingi ya kawaida ya Shimano waya ukisogea milimita 1 yenyewe inasogea karibu 1.7. Sasa piga hesabu: waya wako umelegea milimita moja tu katika wiki nne hizi, direla inakosa shabaha kwa theluthi nzima ya njia. Cheni inasimama katikati ya maduara mawili haijui iende wapi, ndo huko kulialia na kuruka. Milimita moja mdogo wangu, na wewe umeambiwa ununue seti nzima.

Ila usishike kinati bado. Simama nyuma ya baiskeli, chuchumaa, tazama vile vigurudumu viwili vya direla: vinatakiwa visimame wima, kwenye mstari mmoja na meno ya juu yake. Kama kile cha chini kimeingia ndani kuelekea kwenye spoku, basi sikio limepinda, lile bati dogo linaloshika direla kwenye fremu. Baiskeli ikianguka upande wa kulia, au ikirundikwa na nyingine juu ya keria ya gari, sikio ndo la kwanza kupinda. Likipinda hakuna skrubu itakayokusaidia, peleka kwa fundi mwenye kifaa cha kulinyooshea. Na kuanzia leo ukiilaza baiskeli yako ilaze upande wa kushoto, na ukiisafirisha mwambie konda hivo hivo.

Limesimama wima? Vizuri. Shusha gia ya nyuma mpaka kwenye meno madogo kabisa. Zungusha pedeli kwa mkono, bofya klik moja tu. Cheni inatakiwa ipande meno ya pili mara moja bila kunung'unika. Ikichelewa au isipopanda, waya umelegea, na kwa maelezo yako ndo hali yako. Nenda pale waya unapoingia kwenye direla kwa nyuma, kuna kinati kama kile cha breki. Zungusha kinyume cha saa, robo mzunguko. Robo, sio mzunguko. Kama unasahau upande, baiskeli ikiwa imesimama kawaida na wewe uko nyuma yake, sehemu ya juu ya kinati unaipeleka upande wa spoku. Unataka cheni iende kwenye spoku, zungusha kuelekea kwenye spoku. Jaribu tena klik. Robo nyingine. Ukishaona inapanda vizuri, panda gia zote moja moja mpaka juu, alafu shuka moja moja. Ikiwa sasa inapanda vizuri ila inachelewa kushuka, au inaruka mawili kwa klik moja, umezidisha, rudisha robo.

Na hapa kuna alama moja ya kushika: ikigoma kupanda tu, waya umelegea. Ikigoma kushuka tu, waya umekazwa mno. Ikigoma pande zote mbili, yani unakaza inaharibu kushuka, unalegeza inaharibu kupanda, na hupati katikati, acha kinati, hapo waya unasuguana ndani ya kava au sikio limepinda kidogo ambacho jicho halikuona. Kwa hapa Tanga kusuguana ni jambo la kawaida sana, chumvi ya bahari inaingia na unyevu, na ukikaa Raskazone au Sahare baiskeli ikilala nje miezi michache tu waya unashika kutu ndani ya kava huku nje unang'aa. Weka gia kwenye meno makubwa huku ukizungusha pedeli, simamisha gurudumu, kisha bofya kushuka hadi mwisho bila kuzungusha, waya utalegea na kava utaweza kulichomoa kwenye vishikio vyake. Futa waya, weka matone mawili ya oili ya cherehani, rudisha. Sio grisi nzito, wala oili chafu ya gari, wala mafuta ya nazi, vyote vinashika vumbi na kuwa ugali ndani ya kava. Waya ukiwa una kutu ya kukwaruza, badilisha waya na kava, hicho ndo kitu pekee ambacho nitakubali ununue.

Zile skrubu mbili ndogo kwenye direla zilizoandikwa H na L, nakuomba usiziguse kama hujui unachofanya. Hazirekebishi gia katikati, kazi yake ni kuweka mpaka: H inazuia cheni isidondoke nje ya meno madogo, L inazuia direla isiingie kwenye spoku. Nikiwa kijana nilizifungua zote mbili nikidhani natafuta sauti nzuri, nikaenda nayo mpaka njia ya Pongwe, kwenye kilima nikapandisha gia ya mwisho, direla ikaingia kwenye spoku ikakatika, spoku nne zikaenda nayo na sikio likang'oka. Nilirudi mjini kwa miguu nikiisukuma juani. Wewe zikague tu: ikiwa kwenye meno makubwa, baiskeli imetundikwa, sukuma direla kwa kidole polepole kuelekea spoku huku ukizungusha pedeli. Isipovuka meno makubwa, L iko sawa. Ikitaka kuvuka, kaza L robo robo mpaka ikome. Hapo peke yake.

Direla ya mbele sitaisema sana. Ikisugua cheni ukiwa kwenye meno makubwa mbele na makubwa nyuma, hiyo sio kasoro, cheni imekaa mshazari, usiendeshe hivo. Meno makubwa ya mbele yaende na madogo ya nyuma, na madogo ya mbele yaende na makubwa ya nyuma. Kwa Tanga mjini palivyo tambarare utakaa meno ya kati mbele siku nzima na utatosheka.

Baada ya kazi yote kaza pedeli, na ujue ya kushoto uzi wake ni wa kinyume, inakazwa kinyume cha saa. Baiskeli mpya nyingi zinakula uzi wa mkono wa pedeli kwa sababu mtu alikaza akidhani anakaza kumbe alikuwa anafungua, na pedeli ikacheza mwezi mzima.

Kaiendeshe asubuhi na mapema kabla magari hayajawa mengi, dakika ishirini, ukibana breki na kubadilisha gia mara nyingi makusudi. Gia zinaweza kutaka robo nyingine ukiwa umekaa juu, kwa sababu chini ya uzito wako mambo yanabadilika kidogo. Hilo ni kawaida, kinati cha mkononi kwenye gia kinazungushwa hata bila zana.

Na ile ya spoku niliyokuahidi. Gurudumu jipya nalo linajipanga, spoku zinalegea wiki za mwanzo. Zibane mbili mbili kwa vidole kuzunguka gurudumu zima, ukikuta baadhi zimelegea kama nyuzi za gitaa lisilofungwa na ringi inayumba, hiyo mpelekee fundi anayejua kunyoosha ringi, kazi ile inataka mkono uliozoea. Mwambie nataka ringi inyooshwe na spoku zikazwe, gia na breki nimeshazipanga mwenyewe, asiziguse.